Tupeane uzoefu: siku waya wa mtandao wa nyumbani ulipokutoa jasho

Kichwa_cha_Waya
Wakuu, naandika huku usingizi umegoma. Jana saa mbili usiku nilikaa kuunganisha kompyuta mbili kwa waya mmoja, moja kwa moja, bila ruta. Ile ya zamani ina sauti za marehemu mama, alizokuwa akijirekodi akisimulia utoto wake, pamoja na picha zote za familia. Jumla GB 300. Disko yake, inakohifadhi vitu hivyo, imeanza kugonga: tak, tak, kimya, halafu tak tena. Nilijua sina siku nyingi.

Nikachomeka waya, taa ya kijani ikawaka pande zote mbili. Nikafungua kompyuta mpya niitafute ya zamani, hakuna kitu. Nikahamia ya zamani, hakuna kitu. Amri ya ipconfig, inayotaja anwani ya kompyuta kwenye mtandao, inanionyesha 169.254 huku na 169.254 kule. Kila nilichowahi kusoma kinasema ukiona hiyo ujue umekosa anwani, basi nikahangaika na anwani masaa matatu. Nikaandika kwa mkono 192.168.10.1 na 192.168.10.2, ping (amri ya kuuliza kompyuta nyingine kama ipo) haijibu. Nikarudisha kama mwanzo. Nikazima, nikawasha. Saa sita usiku ndipo nikaona kijimstari kidogo kwenye mipangilio: mtandao ule umehesabiwa kuwa wa umma. Fayawoli, ile programu ya kuzuia wageni wa mtandaoni, ilikuwa imefunga mlango muda wote. Nikabadilisha kuwa wa faragha kwenye kompyuta zote mbili, nikawasha kushiriki faili, ping ya kwanza tu ikajibu. Nilisimama pale chumbani nikapiga makofi peke yangu.

Na ile 169.254 haikuwa ugonjwa hata kidogo. Hakuna ruta ya kugawa anwani, kwa hiyo kila kompyuta imejipa yake, na mbili za namna hiyo zinaongea vizuri tu.

Leteni na yenu. Siamini kama niko peke yangu.

Mdau_wa_Ping
Hiyo 169.254 ilinimalizia wikiendi nzima. Nzima!

Babu_Swichi
Umenikumbusha mbali kijana wangu. Sisi tulianza na kebo nyeusi ya duara, inafanana na ya antena, inapita kompyuta hadi kompyuta, kila moja na kiungo chake cha umbo la T. Mwisho wake ni mita 185, na kila ncha inavalishwa kikofia cha chuma chenye ukinzani wa omu 50. Kikofia kimoja kikitoka, hakuna kompyuta inayomwona mwenzake, hata zile zilizo mbali na hitilafu. Siku moja mtu alisogeza meza, akaona kale kakofia kananing'inia hakafanyi kazi yoyote, akakaweka kwenye droo. Nilipita kompyuta moja moja nikifungua na kufunga viungo mpaka kunakucha. Kakofia nilikakuta nilipofungua droo kutafuta bisibisi.

Tangu siku hiyo, tatizo lolote la mtandao, sigusi kibodi kwanza. Nagusa waya.

Zima_Zote
Mwenye uzi, mbona umejitesa? Zima fayawoli kabisa pande zote, nakili vitu vyako, maliza. Dakika mbili.

Dada_Koleo
Zima_Zote, usimpotoshe mwenzako. Watu wanazima "kwa dakika mbili" halafu wanasahau, jioni kompyuta inaunganishwa intaneti ikiwa wazi. Alichofanya ndicho sahihi: badilisha aina ya mtandao, ruhusu kushiriki faili, basi.

Zima_Zote
Dada, kompyuta mbili na waya mmoja, hakuna intaneti hapo. Adui atapitia wapi?

Dada_Koleo
Atapitia wifi ambayo haijazimwa. Mwenye uzi hajasema kama ameizima.

Kichwa_cha_Waya
Sijaizima kweli. Niizime?

Zima_Zote
Zima.

Mdau_wa_Ping
Usizime, utakosa kutujibu hapa. Ila ukifungua ile kompyuta nyingine usiiite kwa jina. Andika anwani yake ya upande wa waya, ile ya 169.254, ikitanguliwa na mikwaju miwili ya nyuma (\\). Ukiita kwa jina na zote ziko kwenye wifi, faili zinaweza kupita hewani na waya umekaa tu. Mimi nilinakili usiku kucha nikidhani natumia waya. Taa ya waya haikupepesa hata mara moja, na sikuiangalia.

Dada_Koleo
Sasa ngoja niseme langu, maana ni miaka mingi na bado linanichoma.

Nilipitisha waya darini, mita 30, kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma. Nilitambaa kwa tumbo kwenye vumbi, tochi mdomoni. Kubana vichwa vya waya nilikuwa najifunza. Nikamenya ganda la nje, nikafungua zile nyaya 8 zilizosokotwa mbili mbili, nikazinyoosha kwa kidole gumba na kuzipanga jinsi zinavyopendeza: jozi ya chungwa, jozi ya kijani, jozi ya buluu, jozi ya kahawia. Ncha zote mbili hivyo hivyo. Nikaweka kipimo, taa zikapita 1, 2, 3 mpaka 8 kwa mpangilio. Hakuna iliyoruka. Nikashuka nimejaa buibui na furaha.

Kompyuta zikaonana. Faili ndogo inapita. Faili kubwa inaanza vizuri, inapungua, inasimama, kosa. Nikibana kasi iwe megabiti 10 kwa sekunde inapita mwanzo mwisho. Nikiirudisha juu, inakufa. Nikabadilisha kadi ya mtandao. Nikabadilisha swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao. Nikafuta Windows nikaweka upya, kwenye kompyuta zote mbili. Wiki 2! Nikaanza kuamini kompyuta zangu zote ni mbovu, na nyumbani nikaanza kuonekana mtu wa ajabu, maana kila anayeniita ananikuta nimepiga magoti chini ya meza.

Alikuja mzee mmoja fundi. Hakugusa kompyuta. Alinyanyua kichwa cha waya akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mwanangu, umezitenganisha jozi."

Kijani haitakiwi kukaa pamoja. Mpangilio ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pini ya 3 na ya 6 ni mume na mke, lazima wawe wa msokoto mmoja, na hawa wawili wa buluu wanakaa katikati yao. Msokoto ndio unaozuia kelele ya jozi moja isiingie kwa nyingine. Mimi pini ya 3 nilimpa kijani, ya 6 nikampa buluu. Umeme unafika, ndiyo maana kipimo kikanisifu. Kipimo kile cha taa kinajua waya umefika tu, hakijui umefika na nani.

Alikata vichwa vyote viwili, akabana upya. Dakika 10. Nililia mbele yake.

Panda_Dari
Hii nimeipitia yote, mpaka buibui.

Babu_Swichi
Huyo mzee angekuwa rafiki yangu.

Kichwa_cha_Waya
Dada Koleo pole sana. Kwangu kunakili kumeanza, ila inaniambia masaa saba na nusu. Disko ikigonga moyo unaruka. Ni kawaida?

Radi_Ilinikosa
Samahani naingilia, ila Dada_Koleo alivyosema dari nimeshindwa kunyamaza.

Mimi waya wangu ulitoka nyumba kubwa kwenda chumba cha nje, mita 40 hivi, ukining'inia chini ya bati. Miaka 2 bila shida. Jioni moja wingu likafunga. Nilikuwa na mazoea ya kuchomoa umeme wa kompyuta mvua ikianza. Nikachomoa umeme, nikachuchumaa kuchomoa na waya wa mtandao. Mkono umebaki kama shubiri moja kufika kwenye kichwa cha waya, radi ikapiga mti nyuma ya nyumba. Haikupiga nyumba, ilipiga mti. Cheche ya buluu ikaruka kutoka kwenye tundu la kompyuta mbele ya vidole vyangu. Sikusikia tena mpaka kama dakika nzima ipite. Harufu ya plastiki iliyoungua. Nikikumbuka hiyo harufu mpaka leo mgongo unasisimka.

Upande wa pili alikuwa mdogo wangu, amevaa vipokea sauti, anacheza gemu. Nilikimbia kwenye mvua bila viatu. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono juu, hajaguswa. Swichi iliungua, ruta matundu yote manne yalikufa, na kadi za mtandao za kompyuta zote mbili. Zile pini za dhahabu mbili zilikuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti. Kompyuta zenyewe ziliwaka! Ila waya hazikuuona tena.

Panda_Dari
Mungu mkubwa. Mdogo wako anaendeleaje?

Mdau_wa_Ping
Sijapumua hapo kwenye shubiri moja.

Radi_Ilinikosa
Mzima kabisa, ahsanteni. Ila mpaka leo hakai karibu na waya mvua ikinyesha, na simlaumu.

Zima_Zote
Pole sana mkuu. Lakini si ungeweka UPS nzuri tu, ile betri ya kulinda kompyuta?

Radi_Ilinikosa
Ilikuwepo, na ilibaki nzima! UPS inalinda njia ya umeme. Hii iliingia kwa njia ya mtandao. Mita 40 za shaba nje ya nyumba ni antena ya radi.

Babu_Swichi
Sikilizeni hapo. Nyumba mbili tofauti msiziunganishe kwa shaba. Hata bila radi, udongo wa huku na wa kule hauna umeme sawa, tofauti hiyo hutafuta njia kwenye waya wenu. Tumieni nyuzi za kioo, isiyo na chuma ndani, na kigeuzi kila upande. Mwanga haubebi radi.

Zima_Zote
Au wifi tu ya kuelekezana. Rahisi zaidi.

Babu_Swichi
Wifi ni ya wavivu.

Zima_Zote
Mzee wangu, ni ya wanaotaka kubaki hai.

Dada_Koleo
Msigombane, zote mbili ni salama kuliko shaba. Kioo kinatulia zaidi, wifi ni nafuu ya kazi. Sasa turudi kwa mwenye uzi, ana disko inakufa.

Ndugu, masaa saba na nusu kwa GB 300 ni hesabu ya megabiti 100. Fungua hali ya muunganisho, inasoma ngapi?

Kichwa_cha_Waya
100. Lakini kompyuta zote mbili ni za 1000, nimehakikisha.

Dada_Koleo
Basi ni waya. Megabiti 100 zinahitaji jozi 2 tu, pini 1, 2, 3 na 6. Ukitaka 1000 lazima jozi zote 4 zifike. Pini moja kati ya 4, 5, 7 au 8 ikilegea, kadi nyingi zinajishusha zenyewe bila kukwambia.

Mgeni_Kidogo
Naomba kuuliza nikiwa mpya. Kompyuta kwa kompyuta si lazima waya uliogeuzwa, chungwa na kijani vibadilishane upande mmoja?

Zima_Zote
Lazima.

Mdau_wa_Ping
Si lazima.

Babu_Swichi
Ilikuwa lazima kwa kadi za zamani za 10 na 100. Za 1000 zinajigeuza zenyewe. Ukikutana na mbili za kale kweli, taa haitawaka, hapo ndipo utafute uliogeuzwa.

Mgeni_Kidogo
Ahsante babu. Kwangu taa inawaka, ping inajibu, lakini nikifungua folda inaomba jina na nywila, na inakataa ninachoandika.

Panda_Dari
Unaandika ile namba fupi ya kufungulia kompyuta? Hiyo inaishia kwenye kompyuta yako, mtandaoni haipiti. Inataka nywila yenyewe ya akaunti ya kompyuta unayoiingia. Na kama akaunti haina nywila kabisa, Windows inaikataa ikitokea kwenye mtandao. Weka nywila. Kama mojawapo ni Windows XP hiyo ni habari nyingine: tangu toleo la mwaka 2017, Windows 10 ikisakinishwa upya haiji na lugha ya zamani ya kushiriki faili ambayo XP inaijua. Usiiwashe, hamisha vitu kwa disko ya nje.

Mgeni_Kidogo
Ni namba fupi kweli. Ngoja niweke nywila.

Waya_Mzunguko
Langu fupi. Mtoto alikuta waya umelala sakafuni, ncha moja iko kwenye swichi, akaona huruma akachomeka na ncha ya pili kwenye swichi hiyo hiyo. Taa zote zikapepesa kwa pamoja kama zimeshikwa degedege, nyumba nzima ikakosa mtandao. Nililaumu kampuni ya intaneti siku 3. Mkiona taa zote za swichi zinapepesa kwa wakati mmoja bila kupumzika, fuateni waya mmoja mmoja kwa mkono.

Panda_Dari
Tena afadhali taa. Mimi ruta ya pili niliyoiongeza ilikuwa inagawa anwani zake, nusu ya nyumba iko 192.168.0, nusu 192.168.1, hazionani. Ukiifanya swichi, zima ugawaji wa anwani.

Kichwa_cha_Waya
Nimerudi. Niliogopa kukatiza kunakili lakini nimekatiza. Nimekichukua kichwa cha waya nikakitazama kwenye mwanga wa simu kama yule mzee. Waya wa kahawia, ule wa mwisho, haujafika mwisho wa kichwa. Umeishia njiani, kama milimita mbili. Sina koleo, ila nilikuwa na waya mwingine mfupi uliokuja na ruta. Nimebadilisha.

Inasoma 1000.

Dada_Koleo
Alhamdulillahi! Anza na sauti za mama, picha zifuate.

Babu_Swichi
Ndiyo. Sauti kwanza. Na hiyo kompyuta usiisogeze kabisa.

Kichwa_cha_Waya
Nimeanza na sauti. Zote zimevuka, nimefungua moja nikasikia akikohoa kabla hajaanza kusema, kama alivyokuwa. Picha zimebaki saa moja na dakika 10. Disko bado inagonga. Nimekaa chini karibu nayo, taa ya waya inapepesa.

Mdau_wa_Ping
Tupo hapa mkuu. Ikifika mwisho tuambie.