Makuhani wa mungu wa uhuru: siasa zao ziendeshwe vipi?

Mchoraramani

Wakuu, habari zenu. Naandaa ulimwengu wa kubuni kwa ajili ya mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, meza ya wachezaji watano. Kuna mji wa bandari uitwao Zimbe, una mfalme, mabwana wa mashamba na soko la watumwa. Humo nimeweka ukuhani wa mungu aitwaye Mvunjapingu. Amri yake ni moja tu: mtu hamilikiwi na mtu. Mahekalu ni 12, na hakuna kuhani mkuu.

Nimekwama sehemu tatu. Bila mkuu, nani ana neno la mwisho? Wanakaaje mji mmoja na mfalme ambaye hazina yake inajazwa na ushuru wa soko lilelile? Na pesa wanapata wapi? Sitaki wawe watu wema wa kutibu majeraha ya wachezaji basi. Nataka wawe na siasa, wagombane kwa hoja, na kila upande uwe na haki yake.

Nahodha_Kaskazi

Mkuu, usianze na namna ya kumpata kiongozi. Anza na namna ya kumwondoa, maana hapo ndipo watu wanaopenda uhuru huumizana.

Watazame Waibadhi wa Oman, madhehebu ya Kiislamu. Kwao imamu, yaani kiongozi wa jumuiya, alichaguliwa na wanazuoni na wakubwa wa makabila, akapewa baia (kiapo cha utii), na akipotoka akakataa kutubu aliweza kuondolewa. Kanuni nzuri. Sasa tazama ilivyokwama: Salt bin Malik alishika uimamu mwaka 851 akazeekea madarakani. Mwaka 886 kundi la Musa bin Musa likamweka Rashid bin Nadhr mahali pake. Swali likawa: Salt alijiuzulu mwenyewe, au alisukumwa? Hakukuwa na mtu ambaye pande zote zingekubali ushahidi wake. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 893 jeshi la Waabbasi, makhalifa wa Baghdad, likaingia nchini, na wanazuoni wakabaki wamegawanyika, upande wa Nizwa na upande wa Rustaq, kwa vizazi. Kwa hiyo kwenye sheria ya Zimbe andika wazi nani anathibitisha kwamba kiongozi ameondoka kwa hiari yake, na mbele ya mashahidi wangapi. Halafu muue shahidi mmoja kabla mchezo haujaanza.

Kitu cha pili cha kuchukua huko ni hali nne za jumuiya: kudhihiri (kutawala waziwazi), kujihami, kujitoa na kujificha. Kila hali ina uongozi wake. Wakati wa kujificha hakuna imamu, wanazuoni wanafundisha kwa siri. Wakati wa kujihami anawekwa kiongozi wa vita, na mamlaka yake yanakoma hatari ikiisha. Kujitoa ni kwa wachache walioamua kufa, na idadi yao isipungue 40. Ugomvi wa mahekalu yako 12 uko hapa: nani anatangaza kwamba hali imebadilika? Hekalu la bandarini, linalopokea sadaka za wafanyabiashara, litasema tumedhihiri, tutulie. Hekalu la shambani, ambalo watu wake wanachapwa kila siku, litasema tuko vitani. Na kiongozi wa vita hatakubali kirahisi kwamba hatari imeisha.

BintiMizani

Mimi nitajibu la pesa, maana ukilipanga hilo siasa nyingine zinajipanga.

Ulaya kulikuwa na shirika la Watrinitari, lililoanzishwa 1198, ambalo kanuni yake ilitenga theluthi ya mapato yote kukomboa mateka. Wamersedari wa Barcelona, 1218, waliongeza nadhiri ya nne: mtawa akubali kubaki rehani mahali pa mateka ikibidi. Chukua ile theluthi. Hekalu lako linaingiza vipande 900 vya fedha kwa mwaka, 300 ni vya ukombozi. Mtumwa sokoni ni vipande 25, basi wanakomboa watu 12. Mwaka wa pili madalali wameshajua kuna mnunuzi asiyeondoka mikono mitupu, bei inapanda hadi 30, wanapatikana 10. Mwaka wa tatu mtu anavamia kijiji cha wavuvi kwa sababu hekalu lipo na litanunua. Hiyo fedha ya sadaka sasa inalipia uvamizi.

Hapo una makundi mawili ya kweli. Wanunuzi wanasema: huyu aliye mbele yangu leo atakuwa huru jioni, wewe una nini cha kumpa? Wavunjaji wanasema: kila kipande unacholipa kinamfunga mwingine. Usiwape wachezaji jibu. Hakuna upande unaodanganya.

Kuna na uchafu wa makaratasi. Kule Delphi, Ugiriki ya kale, mtumwa aliachwa huru kwa njia ya "kuuzwa" kwa mungu Apollo, na mkataba ukachongwa kwenye jiwe la ukuta. Maandishi zaidi ya elfu moja yamepatikana. Soma masharti yake: mengi yanamtaka aliyeachwa huru aendelee kumtumikia bwana wake mpaka bwana afe. Katika Zimbe, hekalu linalotoza ada kwa kila jiwe litachonga masharti ya aina hiyo bila kuuliza. Wachezaji wako wakipita ukutani, waache wasome jiwe moja neno kwa neno: jina, bei, mashahidi watatu, kisha mstari wa mwisho kwa herufi ndogo.

Mlinzi wa Lango

Kuhusu mfalme: mpe sababu ya kuwavumilia. Inayofaa zaidi ni haki ya hifadhi. Uingereza ya zama za kati, mhalifu aliyekimbilia kanisani alikuwa na siku 40. Ndani ya siku hizo ama ajisalimishe mahakamani, ama akiri kosa na kuapa kuihama nchi kupitia bandari aliyopangiwa. Mfalme alipata faida: mtu msumbufu anaondoka bila damu kumwagika. Panga mambo manne: mpaka wa hifadhi unaanzia jiwe gani, nani anamlisha aliyekimbilia, nani anahesabu siku, na nini kinatokea siku ya 41.

Mtoro wa mtumwa ni kesi ngumu kuliko mhalifu, kwa sababu bwana wake anadai mali. Pwani yetu tunalijua hili. Wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, na jirani zake walikuwa wameonywa wasipokee watoro, na bado mwaka 1888 walikutwa wapatao 1,400. George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Kiingereza ya biashara Afrika Mashariki, akawalipa mabwana fidia ili waachwe. Amani ilipatikana kwa kuwalipa wamiliki, na kampuni ilitaka amani kwa ajili ya biashara yake. Mfalme wa Zimbe atafanya hivyohivyo siku ikimfaa, kisha atalikumbusha hekalu deni lake.

Jambo jingine: viapo. Makuhani wa uhuru hawatamwapia mfalme utii. Wakweka wa Uingereza, dhehebu la Kikristo, walikataa viapo vyote, sheria ya 1662 ikawaadhibu, na ilikuwa 1696 ndipo wakaruhusiwa kutoa tamko badala ya kiapo. Asiyeapa hasikiki mahakamani, kwa hiyo bwana yeyote anaweza kuwadhulumu ardhi na wasiweze kutoa ushahidi. Kwenye vikao vyao Wakweka hawapigi kura: karani anaandika mwafaka na kuusoma papo hapo. Ubovu wake ni kwamba mwenye muda hushinda. Wavuvi wanaondoka kuwahi maji, anayebaki hadi usiku ndiye mwafaka. Dawa yake, kikao kifungwe kabla ya jua kuzama, na karani asikae zaidi ya mwaka.

Mchoraramani

Nashukuru sana wakuu. Karani ndiye atakayekuwa mtu wa hatari kwenye kisa changu, nimeshamwona. Swali la mwisho: uchawi wao uzuiweje, na kipindi cha kwanza nianzie wapi?

BintiMizani

Uchawi wowote unaotawala akili ya mtu ni mwiko, hata akiwa adui, hata kwa kuokoa maisha. Kuhani akiutumia, nguvu zake hazirudi mpaka yule aliyefungwa amsamehe kwa hiari. Asilazimishwe kusamehe, la sivyo kosa linahesabiwa mara mbili.

Kipindi cha kwanza anzia siku ya 38 ya hifadhi. Aliye ndani ni dalali wa watumwa, amemkosea mfalme na anawindwa. Nje wapo watu aliowahi kuwauza, wanadai atolewe. Sheria ya hekalu inasema yeyote anayekimbilia humo apewe hifadhi. Wape wachezaji kazi ya kumpelekea chakula.