Tajiri anataka nipeleke mzigo Goma. Nikisaini nikaenda, yakinikuta lawama ni yangu yote?

Dereva_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wazee wa barabara wanaoijua njia hii.

Naendesha semi hapa Dar, safari zangu ni Tunduma, Kasumbalesa hadi Kolwezi. Foleni za kule na vibaka wa kuchana turubai usiku nimeshazoea. Juzi tajiri kaniita ofisini, kapata mzigo wa unga wa ngano kwenda Goma kupitia Rwanda, yaani Rusumo na Gisenyi. Posho ni mara mbili ya Kolwezi. Halafu akaniwekea karatasi mezani nisaini, kwamba nimeelewa hali ya usalama ya huko na ninakwenda kwa hiari yangu. Ukurasa mmoja. Hakuna neno kuhusu matibabu, wala nani atanirudisha nyumbani likitokea la kutokea.

Sijasaini. Nimemwomba anipe mpaka Jumatatu.

Mke wangu hataki hata kusikia. Kaka yangu anasema tangu waasi wa M23 washike mji vibaka wamepungua, na riziki haitafutwi kwa kuogopa. Mimi ninachotaka kujua ni hiki: nikitekwa au nikifa, serikali itasema tuliwaonya, tajiri atasema alikubali mwenyewe. Ni haki lawama yote inibaki mimi? Na nikikataa, nimekuwa mwoga? Ada ya watoto haisubiri.

Utingo wangu ana miaka 20, yeye yuko tayari hata leo.

Gia_Nzito

Mkuu, ajali haina kinga. Mlima Kitonga umeua watu wangapi na pale hakuna muasi hata mmoja? Ukianza kuhesabu hatari hutatoka hata Kibaha. Malori yanaingia Goma kila siku. Saini, nenda, Mungu yupo.

Mzee_wa_Rusumo

Mdogo wangu, njia ya Kivu nimeiendesha miaka mingi, saruji na chakula cha msaada, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Nianze na mwenzetu wa Kitonga. Kitonga gia na breki ni zako mwenyewe. Ukianguka utaokotwa, utafikishwa hospitali, trafiki ataandika, bima itaanza kuvutana na bosi wako. Goma hayo yote usiyategemee. Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya ajali za barabarani ukiwa nchi za nje, hasa kwa ajili ya utakayemgonga. Bima nyingi za magari zinatamka wazi kwamba hasara ya vita na uasi hazilipi. Mwambie tajiri akuonyeshe kipengele hicho ukisome mwenyewe. Ubalozi wetu uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na tangu mji utekwe mwishoni mwa Januari 2025, serikali ambayo ubalozi ungeipigia simu haina amri pale. Mji ulipotekwa uwanja wa ndege ulifungwa, benki nazo zikafunga milango. Hata kama vibaka wamepungua, dereva anakaa na dola taslimu ndani ya kabini, na kila mtu anajua.

Sasa lawama. Wewe ni mtu mzima, hujafungwa kamba. Ukienda huku unajua, sehemu yako ipo na usiikane. Lakini tajiri aliyeona faida ya mzigo huo naye ana sehemu yake, na haifutwi na ukurasa mmoja. Muulize kama umesajiliwa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchango ule ni jukumu lake, haukatwi kwenye mshahara wako. Muulize nani analipa hospitali ya Kigali ukivushwa umeumia. Akisita kuandika hayo, umeshapata jibu lako.

Ila kilichonifanya niandike ni jambo ambalo hukuliuliza. Utingo umemtaja kwa mstari mmoja.

Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, maeneo ya Kibumba, akiwa na msafara wa Shirika la Chakula Duniani. Dunia ililia naye, na alistahili. Lakini waliouawa walikuwa watatu. Alikuwepo mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, na alikuwepo dereva, Mustapha Milambo, Mkongo. Ziara ile hakuipanga Milambo. Alikabidhiwa safari kama tunavyokabidhiwa sisi, akawasha gari. Barabara ilikuwa imehesabiwa kuwa inapitika bila askari. Nenda huko nyuma, Mei 2018: watalii wawili wa Uingereza walitekwa wakiwa kwenye safari ya Virunga, wakaachiwa baada ya siku mbili. Askari wa hifadhi aliyekuwa akiwalinda, Rachel Masika Baraka, binti wa miaka 25, hakurudi kwao. Hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019, na walioishi kwa wageni hao wakakaa bila kazi.

Watalii wale siwalaumu. Nasema hivi: anayeamua kwenda kwenye hatari haendi peke yake hata siku moja. Yupo anayemwendesha, yupo anayemlinda, na yupo atakayetumwa kumtafuta. Kwenye gari lako wewe ndiye mkubwa, na huyo kijana anakufuata kwa sababu anakuamini. Posho yake nayo imepanda mara mbili? Jina lake limo kwenye hiyo karatasi? Mama yake anajua gari linakwenda wapi?

Ukiamua kwenda, kabla hujapokea funguo iandikwe kwamba mwenye kauli ya kugeuka ni dereva, na akigeuka posho haikatwi. Bila hivyo, siku roho ikikataa utasukumwa na ada ya watoto. Pia iandikwe mzigo unaishia bohari ya Goma mjini, basi. Mwenye mzigo atakuja na maneno matamu, sukuma kidogo hadi Sake, panda kidogo Kibumba, kuna dola mia yako pembeni. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Mimi enzi zile nikipanda Rutshuru jicho langu lilikuwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshuka na makaa, viazi na kabichi kuja mjini. Asubuhi nisipopishana na chukudu hata moja, nilikuwa natafuta pa kugeuzia. Watu wa pale wanajua kabla ya redio.

Mama_Wawili_Tandika

Shemeji, msikilize mkeo. Mume wangu naye ni dereva. Mwaka 2016, mwezi wa tisa, madereva wetu walipotekwa na wanamgambo wa Mai Mai kule Namoya na malori yakachomwa, sisi wake zao tulisikia redioni. Jeshi la Kongo liliwakomboa, tukamshukuru Mungu. Lakini siku zile mume wangu alikuwa Kongo hiyo hiyo upande mwingine, napiga simu ofisini kwao hakuna anayepokea. Mnatuona wagumu, lakini mkeo hajakatazwa kuwa jasiri. Amenyimwa tu habari. Mwachie nakala ya chochote utakachosaini.

Trela_Malaba

Salamu kutoka Kenya. Upande wetu ni Malaba, Elegu, Nimule hadi Juba. 2021 wenzetu, Wakenya na Waganda, waliuawa kwa barabara za Sudan Kusini, na madereva tukasimama Elegu, mpakani upande wa Uganda, tukakataa kuvuka mpaka tupewe ulinzi. Foleni ya malori ilikuwa ndefu ajabu, tunapika kando ya magurudumu, mdosi anapiga simu kila saa. Lakini wakubwa wa serikali walikuja kuongea. Ningekataa peke yangu, funguo ingepewa mwingine kesho yake. Kwa hivyo ndugu, hiyo ofisi usiingie pekee yako Jumatatu. Tafuta wenzako wa kampuni hiyo na chama chenu.

Na hapana, si uoga. Uoga ni kusaini kwa sababu unaogopa mdosi.

Dereva_Mbagala

Asanteni sana wote. Mzee wa Rusumo, leo nimekaa na utingo nikamuuliza yale maswali. Posho yake ni ile ile ya Kolwezi. Na yeye ameambiwa tunakwenda Kigali.

Nimempigia pia dereva mwenzangu ambaye naye aliwekewa karatasi ile, tunaingia wawili Jumatatu, na huenda wa tatu akaja. Tumeandika ya kwetu kwa mkono: matibabu, kurudishwa nyumbani, kugeuka bila kukatwa, mzigo kuishia Goma mjini, na utingo aandikwe kwa jina na posho yake. Asipoikubali ya utingo, mzigo wake sitaubeba. Mke wangu ameisoma.

Mzee_wa_Rusumo

Ongezeni mstari mmoja: jina na simu ya mtu wa ofisi atakayepokea saa yoyote, na nakala abaki nayo mkeo na mama wa kijana. Na ikiwa utakataa, mtafute atakayepewa funguo baada yako umweleze yote haya, maana yeye naye huenda ameambiwa Kigali.