Ossetia Kusini 2011: aliyeongoza kura ndiye aliyefungiwa nje ya marudio

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Kila ukitajwa uchaguzi wa urais wa 2011 wa Ossetia Kusini, eneo lililojitenga na Georgia kwa msaada wa Urusi, lazima atokee mjuaji aseme "mahakama ilishaamua". Iliamua nini?

Duru ya pili, 27 Novemba. Vituo 74 kati ya 85 vimeshahesabiwa, Alla Dzhioyeva, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, ana asilimia 56 na ushee. Anatoly Bibilov, waziri wa maafa, ambaye Medvedev, rais wa Urusi wakati ule, alikutana naye hadharani wakati wa kampeni, ana kama 40. Hapo ndipo chama cha Umoja, chama cha wakubwa, kikakimbilia Mahakama ya Juu kulia kwamba wapiga kura wamehongwa na kutishwa. Na nani? Na kambi ya Dzhioyeva! Chama chenye serikali na polisi mkononi kinalalamika kuonewa na mama wa upinzani. Jamani.

29 Novemba matokeo yakafutwa. Haya, mahakama kufuta uchaguzi si dhambi. Kenya walifuta 2017, lakini hakuna aliyemzuia Raila kurudi debeni, alijitoa mwenyewe. Kule Tskhinvali, mji mkuu wa Ossetia Kusini, marudio yakapangwa 25 Machi 2012, na Dzhioyeva akaambiwa hana ruhusa kugombea. Hayo ni marudio ya nini sasa?

Watu wakajaa uwanjani kwenye theluji. Desemba yakaja makubaliano: Rais Kokoity ajiuzulu, na mwendesha mashtaka mkuu pamoja na mkuu wa Mahakama ya Juu waondolewe. Kokoity akaondoka. Wale wawili bunge likagoma kuwatoa, wakati waandamanaji walishakubali kurudi makwao. Dzhioyeva akasema basi, ataapishwa 10 Februari wapende wasipende. Tarehe 9 askari wenye silaha wakavamia ofisi yake, akaishia hospitali. Wakubwa wakasema ni presha. Watu wake wakasema kapigwa kitako cha bunduki.

Na hapa ndipo panaponiuma kuliko pote: angekata rufaa wapi? Wakati ule nchi hiyo ilikuwa inatambuliwa na Urusi, Nicaragua, Venezuela, Nauru na Tuvalu, basi. Kwa Georgia, kura nzima ilikuwa haramu tangu asubuhi, awe Dzhioyeva awe Bibilov. Umoja wa Ulaya nao hauutambui uchaguzi wenyewe, sasa utalalamikaje kwamba umeibwa? Inabaki Moscow, ambayo mtu wake ndiye aliyekuwa anapigwa mweleka.

Halafu msiniletee ile hoja kwamba Leonid Tibilov, mkuu wa zamani wa KGB ya huko, yaani idara ya usalama, aliyeshinda marudio, alimpa Dzhioyeva unaibu waziri mkuu. Mtu anaongoza kura za urais, mnamfutia, mnamvamia ofisini, kisha mnampa cheo cha kumsaidia msaidizi wa rais. Ashukuru?