Mama ana miaka 68 ameanza kusahau sana, hivi vidonge vya kumbukumbu vinasaidia kweli?

BintiHimo:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Mama angu ana miaka 68, yuko nyumbani Himo na mdogo wangu wa mwisho, kisukari anacho tangu 2014, anatumia metformin asubuhi na jioni na dozi haruki. Sasa tangu mwaka jana mwezi wa nane hivi ameanza kusahau, mwanzo tukasema ni umri, mara funguo zinakutwa kwenye ndoo ya unga, mara anauliza kitu kimoja mara tatu kabla hatujamaliza kula. Ila wiki mbili zilizopita alipika mtori, akatia chumvi, akatoka kufungia kuku, akarudi akatia tena, akatoka, akarudi akatia tena. Sufuria nzima ikamwagwa na mama akakaa jikoni analia, yaani huyu ni mtu ambaye misiba yote ya pale mtaani mtori anaitwa yeye. Mdogo wangu alivyonipigia mimi niko Dar sikulala siku hiyo.

Kuna mama mmoja wanasali naye, anauza virutubisho vya hizi biashara za mtandao, kamwambia kuna ginkgo (inatokana na majani ya mti), kuna omega 3 (yale mafuta ya samaki) na kingine cha kulinda ubongo, makopo matatu laki mbili na themanini kwa mwezi na atumie miezi sita. Mama anavitaka na hela naweza kujibana nikapata, ninachouliza ni kwamba vinasaidia kweli? Kuna aliyempa mzazi wake akaona tofauti?

MtotoWaMwisho:
Pole sana dada. Mimi nilimpa mzee omega 3 mwaka mzima, nilikuwa namtumia kwa basi kila mwezi. Kwa upande wa kusahau sikuona mabadiliko yoyote. Sisemi kwa wote, nasema kwa mzee wangu.

Mfamasia_Arusha:
Dada BintiHimo kabla hujatoa hata mia naomba usome hii mpaka mwisho. Umeandika kisukari tangu 2014 na metformin kila siku, hapo ndipo mimi nimesimama. Metformin ni dawa nzuri na mama asiiache, ila ikitumika miaka mingi inapunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12, na B12 ndiyo inayotunza ile ngozi inayofunika neva, ikipungua mtu anasahau, anachoka, anapauka, anakuwa na hasira au huzuni isiyoeleweka, na miguu inakufa ganzi au inawaka moto. Akiba ya B12 mwili unaiweka kwenye ini na inaweza kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaanza dawa leo shida inakuja kuonekana baadaye sana na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Hata ile ganzi ya miguu watu wanasema sukari hiyo, basi imeishia hapo. Uingereza mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa iliwakumbusha madaktari kabisa kwamba wanaotumia metformin wakionyesha dalili wapimwe B12.

Kwa hiyo muulize mama mambo haya, miguu ina ganzi? Ulimi unamuuma au umekuwa mwekundu na laini? Anatumia omeprazole za vidonda vya tumbo? Maana na hizo zikitumika muda mrefu zinapunguza B12, na tumbo la mtu mzima lenyewe linafyonza kidogo kuliko la kijana. Halafu mpeleke akapime B12, picha kamili ya damu, tezi ya shingo (thairoidi ikiwa chini mtu anasahau vilevile) na sukari yenyewe, maana sukari ikishuka mara kwa mara nayo inachanganya akili.

Kuhusu ginkgo, Marekani walifanya utafiti mkubwa matokeo yakatoka 2008, wazee 3,069 wenye miaka 75 kwenda juu, nusu wakapewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kama miaka sita. Waliopata dimenshia (ule ugonjwa wa akili na kumbukumbu kushuka uzeeni) upande wa ginkgo ni 277, upande wa pili 246. Haikuzuia. Na kama mama anatumia ile aspirini ndogo ya moyo au warfarin ya kuzuia damu kuganda basi ginkgo ndiyo kabisa asiguse bila daktari kujua, inaweza kuongeza kutokwa damu.

Baba_Lulu:
Mfamasia nakuheshimu lakini tusiwafanye watu waone virutubisho vyote ni utapeli. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa COSMOS, tawi lake moja lilichukua wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 65 na kuendelea, waliokunywa multivitamini ya kawaida kila siku kwa miaka mitatu walifanya vizuri kidogo kwenye majaribio ya akili kuliko ambao hawakunywa, na hiyo ilitoka 2022. Na Oxford 2010 walitoa kuhusu vitamini B kwa wazee walioanza kusahau, wakapima ubongo kwa picha za MRI, kusinyaa kulipungua kasi kwa kama asilimia 30 ndani ya miaka miwili. Mimi mwenyewe nina miaka 61 na nakunywa multivitamini.

Mfamasia_Arusha:
Baba Lulu uko sahihi na nashukuru umeleta. Ila angalia hiyo ya Oxford vizuri, waliofaidika zaidi ni wale ambao damu yao ilikuwa na homosisteini nyingi (kemikali ambayo mwili wenyewe unaitengeneza), na homosisteini inapanda pale ambapo B12 na foleti (vitamini B nyingine) hazitoshi. Yaani tunarudi palepale, kirutubisho kinamsaidia aliyepungukiwa. Ambaye hajapungukiwa ukimjazia hizo vitamini B nyingi anaenda kuzikojoa, na B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva zilezile tunazotaka kuziokoa. Na hiyo COSMOS tofauti ilikuwa ndogo, ilikuwa multivitamini ya bei ya kawaida sio kopo la laki, na hawakuchukua watu ambao tayari wanatia chumvi mara tatu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 lilisema vitamini B, E na mafuta ya omega visipendekezwe kama njia ya kuzuia akili kushuka.

Kingine ambacho watu hawakijui, mtu aliyeishiwa B12 ukimpa foliki asidi (ndiyo foleti ya vidonge) nyingi peke yake damu inaonekana imepona wakati neva zinaendelea kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo hata hayo makopo ya ubongo soma kwanza yana nini ndani.

Mama_K_Moshi:
BintiHimo mwanangu pole, nami nimelea mama mkwe mwenye shida hii miaka sita, amefariki, kwa hiyo naongea kwa niliyoyaona. Usiogope kumpima. Watu wengi huku Kilimanjaro tunasema ni uzee au amerogwa wakati ni ugonjwa unaojulikana, wilaya ya Hai hapo walifanya utafiti nyumba kwa nyumba wakakuta kama asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia, na kipimo chao wamekitengeneza hata asiyejua kusoma anapimika. Mama mkwe alipimwa hivyo, aliambiwa ataje wanyama anaowajua ndani ya dakika moja, akasomewa maneno akaambiwa ayakumbuke baadaye, halafu daktari akapanga njiti za kibiriti mezani akamwambia mama panga kama hivi. Mtu aliyefuma vikapu miaka arobaini akazishika zile njiti, akazigeuzageuza, akanitazama mimi. Nilitoka nje nikalia.

Lakini wa kwake ilikuwa imechelewa, presha aliiacha miaka mingi bila dawa na masikio yalikuwa mazito sisi tukadhani ni ukaidi. Madaktari wa jarida la Lancet walitoa 2024 vitu 14, wanasema vikishughulikiwa karibu nusu ya dimenshia duniani ingezuilika au kuchelewa, na humo kuna presha, kisukari, kutosikia, kutoona vizuri, upweke, sigara, pombe, sonona. Virutubisho havimo kwenye orodha. Hiyo laki mbili na themanini mpe mdogo wako awe anampeleka mama kliniki, na anunue mayai, maini na dagaa.

BintiHimo:
Wakuu narudi baada ya wiki tisa, samahani kwa ukimya. Nilichukua likizo nikaenda mwenyewe. Nilimuuliza kuhusu miguu akasema hapana iko sawa, ila jioni tukiwa tunatoka kwa jirani nikaona ndala ya kushoto imebaki njiani na mama anaendelea kutembea, hana habari. Nikamwita nikamwonyesha, akasema "ah hii inanitokaga kila siku". Kila siku! Na sisi tulishamnunulia ndala mpya tukidhani zile ni kubwa.

Tukapima, B12 ilikuwa 118 na fomu ya maabara inaanzia 200. Tezi iko sawa, sukari iko juu kidogo. Na omeprazole alikuwa anainunua mwenyewe duka la dawa miaka hajamwambia mtu. Daktari akaanza sindano, siku anachoma siku anapumzika wiki mbili, sasa ni mara moja kwa wiki. Kuuliza uliza kumepungua, sio kumeisha, juzi alinipigia simu yeye mwenyewe akaniuliza yule fundi wa bati alilipwa ngapi na ni kitu nilimwambia mwezi uliopita. Ganzi bado ipo. Daktari hajaahidi kitu, amesema baada ya miezi mitatu atarudia kipimo na majaribio ya kumbukumbu ndipo aseme kama kuna kingine.

Swali langu, mama anasema kwa kuwa metformin ndiyo ilimfanya hivi hataki tena kuiona. Na yule rafiki yake wa kanisani kamwambia aiache anywe vya asili.

Mfamasia_Arusha:
Namshukuru Mungu mlipima. Hapana, asiache, sukari ikipanda ovyo inaharibu mishipa midogo ya ubongo na hapo hakuna sindano ya kurudisha. Anaweza kuendelea na metformin na B12 kwa pamoja miaka yote, watu wengi wanafanya hivyo, na kama daktari ataona vema atambadilishia yeye. Ile omeprazole ndiyo mkaiulizie kama bado inahitajika. Mpe mama simu niongee naye ukitaka, nitumie inbox.

BintiHimo:
Asante sana kaka, nakutumia sasa hivi.