Naomba ushauri, chembe nyeupe za damu kwenye mbegu za kiume hazishuki vya kutosha
Habari zenu wakubwa, niko Tanga, Ngamiani, ndoa ina miaka 3 mtoto bado. Nilipima mbegu, idadi iko sawa ila chembe nyeupe milioni 4 kwa mililita wakati mwisho ni milioni 1. Nikapewa doksisaiklini asubuhi na jioni wiki 2, nimerudia kupima zimeshuka mpaka milioni 2 tu, sasa daktari anataka kunibadilishia antibayotiki bila hata kuotesha mbegu maabara tujue ni mdudu gani, na wife hajapewa dawa yoyote, si tutaambukizana tena jamani? Mama yangu anamsema yeye kila siku, inaniuma mno. Aliyepitia hii alitibiwaje mpaka zikashuka?