MJADALA: Umeme wa upepo wa baharini Uingereza, serikali isaini mikataba hata kama bei imepanda?

Mkazi wa Grimsby:
Wadau salaam. Naishi Grimsby, pwani ya mashariki ya Uingereza, mwaka wa sita huu, na kazini, kwenye basi, kila mahali mabishano ni hayo hayo, kwamba mitambo ya upepo baharini inamnyonya mlipa bili. Mimi nasema waziwazi serikali iendelee kusaini mikataba ya kuwafungia bei ya umeme huo, mana kilichopandisha bei sio upepo, ni mkopo.

Mtambo wa gesi unaujenga kwa hela kiasi alafu unanunua gesi kila siku. Wa upepo karibu gharama yote inaenda mwanzoni, kabla hata taa moja haijawaka, nguzo za chuma, mapanga, kebo za chini ya bahari, meli za kusimika, na hela hiyo inakopwa. Sasa riba ya Benki Kuu hapa ilikua 0.1% mpaka Desemba 2021, Agosti 2023 ikafika 5.25%, na chuma nacho kikapanda. Ndo mana 2022 makampuni yalikubali paundi 37.35 kwa megawati-saa, yaani uniti elfu moja (ni kwa bei za 2012, kila mwaka zinaongezwa kufuata mfumuko), Julai 2023 kampuni ya Vattenfall wakasimamisha mradi wao wa Norfolk Boreas wakisema gharama zimepanda mpaka 40%, na kwenye mnada wa kugawa mikataba Septemba ile serikali ikang'ang'ania ukomo wa bei wa paundi 44 na haikuja hata kampuni moja ya upepo wa baharini. Hata moja! Kuna watu walishangilia eti tumeokoa hela, tumeokoa nini wakati mwaka mzima umeenda bure? Ukomo ukapandishwa mpaka 73, wakarudi 2024, bei ikatoka kama 59. Na ile mikataba ya mwanzo ya 2014 ilikua paundi 140 na zaidi, kwa hiyo hata hii ya 2024 msiseme ni ghali kama zamani.

Alafu mji wenyewe. Mzee jirani yangu alikua baharia wa meli za uvuvi, kazi ile ilikufa baada ya Aisilandi kufunga maji yao miaka ya 70. Leo alfajiri pale bandarini unaona vijana na mabegi yao ya nguo, kofia ngumu imening'inia begani, wanapanda meli kwenda kulala huko huko baharini kwenye miradi ya upepo ya Hornsea, mana Hornsea 2 pekee ina mitambo 165 na iko karibu kilomita 90 kutoka pwani. Mjukuu wa yule mzee ni mmoja wao. Mnaosema hakuna faida njooni mkae hapa.

Fundi Waya:
Mkuu hesabu ya riba nakubali, ila umeruka nyaya. Uskoti upepo ukivuma sana mitambo inaambiwa izime kwa sababu laini za kuleta umeme kusini hazitoshi, mwenye mtambo analipwa kwa kuzima na huku chini mtambo wa gesi unalipwa kuwaka, mwananchi anabeba vyote viwili. Wakenya tumeshayaona haya kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ilikua imeshasimikwa 2017, laini ya kilomita 400 na ushee mpaka Suswa ikachelewa mpaka 2018 na fidia ikalipwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Sasa unataka wasaini mingine kabla ya laini? Mimi hapana.

Mama Wawili:
Mimi sio mtaalam ila bili nailipa. Niko Leeds, mita yangu ni ya kuweka hela kwanza, juzi tulisafiri wiki nzima, nimerudi nakuta hela imekatwa na sijawasha hata birika, ni ile ada ya kila siku. Kaka yangu wa Grimsby, kama upepo ni rahisi hivyo mbona kwangu hakishuki kitu? Watoto wanavaa sweta ndani ya nyumba.

Mkazi wa Grimsby:
Dada pole sana, na swali lako ndo lenyewe. Hapa bei ya umeme wote sokoni inapangwa na mtambo wa mwisho kuwashwa ili umeme utoshe, na mara nyingi huo ni wa gesi. Kwa hiyo hata upepo ukijaa, gesi ikipanda kama ilivyopanda 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, na wewe unapanda nayo. Mkataba wa upepo unafunga bei: soko likishuka chini yake kampuni inajaziwa, likipanda juu kampuni inarudisha tofauti. Hiyo ni kinga yako, ila mitambo yenye mikataba hii bado haitoshi kuifuta gesi, ndo mana hujaiona mfukoni.

Fundi, kwenye nyaya umenibana na nakubali. Tena Mei 2025 kampuni ya Ørsted waliachana na mradi wa Hornsea 4, gigawati 2.4, na mkataba walikua nao tayari mkononi. Kwa hiyo kusaini pekee hakutoshi, tofauti na nilivyosema mwanzo. Narekebisha: wasaini, ila waanze na miradi ambayo laini yake ipo au inajengwa.

Mama Wawili:
Na hizo laini nani analipa?

Mkazi wa Grimsby:
Sisi dada. Tena sehemu ya hiyo ada yako ya kila siku ni hela ya nyaya. Mimi ningependa iondolewe kwenye ada ihamie kwenye uniti, anayetumia kingi alipe kingi, usikatwe ukiwa safarini.

Fundi Waya:
Ikihamia kwenye uniti, mgonjwa anayewasha hita kutwa nzima mnamfanyaje?