Taulo za maikrofaiba zinakuwa ngumu na hazinyonyi maji, mnazifuaje? (Tanga)

Kijana wa Ngamiani

Habari za muda huu wakuu, naomba msaada kwa wale wanaoosha na kupiga polishi magari. Nina kisehemu changu huku Ngamiani, kazi inaenda vizuri na wateja wapo, shida yangu ni hizi taulo za maikrofaiba. Zikiwa mpya zinakausha boneti kwa kupitisha mara moja tu, ila zikishafuliwa mara kadhaa zinakakamaa, ukipitisha kwenye gari maji yanahama tu upande huu yanaenda upande ule, na kwenye vioo zinaacha michirizi. Gari jeusi ndo balaa kabisa, likisimama juani unaona mistari mistari na mteja naye anaona.

Vijana wanafua kwa mkono, sabuni ya unga, maji ya kisima, wanamalizia na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ili zirudi kuwa laini, alafu wanaanika kwenye kamba nje. Nimeshabadilisha aina ya taulo, nimenunua mpaka za bei, hali ileile. Je tatizo ni taulo au ni ufuaji? Na kuna mtu kaniambia jua la Tanga ndo linaziua, ni kweli? Natanguliza shukrani.

Fundi Polishi Chumbageni

Mkuu anza na hiyo dawa ya kulainisha nguo, iache leo hii hii.

Maikrofaiba siyo pamba. Ni poliesta imechanganywa na nailoni, angalia lebo utakuta 80/20 au 70/30, ile namba ndogo ndo nailoni. Nyuzi zake zimepasuliwa zikawa vipande vyembamba sana kuliko unywele na katikati yake kuna vijinafasi, humo ndimo maji na vumbi vinapoingia vikakaa. Sasa ile dawa kazi yake ni kuacha utando wa mafuta juu ya uzi, kwenye shati unasikia raha, kwenye maikrofaiba inaziba vijinafasi vyote, maji hayana pa kuingilia. Na huo utando ndo unahamia kwenye kioo unaona michirizi. Taulo ikikakamaa vijana wanaongeza dawa, inazidi kuziba, mzunguko hauishi, hata ununue taulo ya bei gani.

Kingine ni kutenganisha na hapa naomba uwe mkali kwa vijana wako. Taulo ya rimu isiingie beseni moja na ya bodi hata siku moja, vumbi la breki lina chembe za chuma, chembe ikibaki kwenye nyuzi kesho unapitisha kwenye klia koti, ile rangi ya juu inayong'aa isiyo na rangi, unachora gari la mtu. Mimi natenganisha kwa rangi, bluu ya bodi, kijani ya vioo, nyeusi ya rimu na injini, hata dogo mgeni kazini hawezi kuchanganya. Na taulo ikianguka chini haigusi tena bodi mpaka ifuliwe, mchanga ni mgumu kuliko klia koti. Wala msizifue pamoja na nguo za pamba, vinyuzi vya pamba vinanasa humo na kuvitoa ni kazi.

Dobi wa Makorora

Kaka hapo juu kasema vizuri ila mi kwa kazi yangu ya udobi naona kisa kikubwa kiko kwenye maji.

Visima vingi vya huku pwani maji yake ni magumu, utajua kwa sabuni kugoma kutoa povu, sasa mfuaji akiona hakuna povu anaongeza unga, ule unga unashikana na chokaa ya maji unakuwa ule utando mweupe unaouona ukingoni mwa beseni, na ndani ya taulo umo vilevile. Fanya jaribio, chukua taulo kavu idondoshee maji, yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba ujue imeziba. Kisha itie kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, bila sabuni yoyote, ifikiche. Povu likitoka hiyo ni sabuni ya zamani ilikuwa inakaa humo.

Kwahiyo hamia sabuni ya maji, kidogo tu. Maji ya uvuguvugu nyuzi joto 40 hivi yanatosha, usipitishe 60. Loweka nusu saa, fikicha kwa mikono, brashi weka mbali inavunja nyuzi. Suuza mpaka maji yatoke meupe kabisa hamna povu, wengi hapa wanaishia njiani kwa kubana maji. Suuzo moja tia siki nyeupe nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10, inayeyusha ile chokaa, malizia na maji matupu. Masika ikiingia kinga maji ya mvua kwenye simtanki uyatumie kwa taulo tu, ni maji laini, sabuni inatoa povu mara moja na inatoka mara moja.

Na nakuomba sana kama dada yako, siki na jiki visikutane kwenye beseni. Inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu, na hapo vijana wameinama juu ya beseni wanavuta yote. Jiki hata peke yake usitie, inakula nailoni.

Mwosha Magari Bagamoyo

Nipo Bagamoyo, hali ya hewa yetu na yenu moja. Kuhusu jua sikubaliani na huyo aliyekwambia.

Joto linaloua maikrofaiba ni la draya ya moto mkali na la pasi, pale ncha za nyuzi zinalainika zinagandana na hiyo hairudi tena, utapoteza siki yako bure. Jua la kwenye kamba halifiki huko. Ni kweli likipiga kila siku kutwa nzima linachosha nyuzi pole pole, lakini wanaokwambia anika kivulini tu nadhani hawajaishi pwani, Machi mpaka Mei taulo nene ikikaa kivulini inabaki na unyevu mpaka inanuka uvundo, na uvundo nao unakulazimisha ufue upya. Anika jua la asubuhi na upepo, ikikauka toa, isisubiri magharibi.

Mimi nadhani tatizo ni PAHALI pa kuanika zaidi. Wengine wanatandaza juu ya mabati, kuna moto na kuna kutu. Wengine kwenye ua wa michongoma, miiba inavuta nyuzi na vijani vinanasa. Na nyie ndugu zangu wa Tanga kamba zenu nyingi ni za katani, ile kamba inapukutisha vinyuzi vigumu na maikrofaiba inavishika, baadae unavisugua kwenye rangi ya gari. Tafuta kamba ya plastiki na vibanio, iwe mbali na barabara ya vumbi.

Alafu zikung'uteni kabla ya kuanika na baada ya kukauka. Taulo iliyokauka imetulia inakakamaa kidogo hata kama ni safi, ukiikung'uta na kuifikicha mkononi inarudi.

Kijana wa Ngamiani

Asanteni sana aisee, mmenifungua. Nimetoka kuangalia kamba sasa hivi, ni katani kweli na vinyuzi vimo kwenye taulo. Sasa hizi za zamani ninazo mzigo mzima, zinafufuka au nitupe? Na za waksi je, maana zile zinateleza hata zikifuliwa.

Fundi Polishi Chumbageni

Nyingi zinafufuka mkuu usitupe. Fanya alivyosema dada Dobi, maji ya moto ya kuvumilika bila sabuni mpaka povu liishe, alafu siki. Rudia lile jaribio la tone, ikinywa maji irudishe kazini, ikigoma ishushe daraja iwe ya rimu, ikichakaa huko iwe ya injini. Ila ikishatumika rimu haipandi tena bodi hata ifuliwe vipi.

Za waksi na polishi zifue siku hiyohiyo kabla hazijakauka, pakaza sabuni ya vyombo kwenye madoa iache kidogo ndo uloweke, ile inakata mafuta. Beseni lake peke yake, maana waksi inahamia kwenye za vioo. Ila taulo uliyofutia koti ya seramiki, ile dawa ya kulinda rangi inayokauka ikawa ngumu, hiyo tupa tu, ikikauka inageuka chembe ngumu haitoki kwa sabuni yoyote na inakwaruza.

Na ukinunua mpya zifue kwanza zitoe vumbi la kiwandani, lebo kata, zile lebo ngumu zinachora. Ya kukaushia tafuta ya gramu 500 kwenda juu kwa mita ya mraba, ya kufutia waksi 300 mpaka 400 inatosha. Zikikauka zikunje nne uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, andika juu kwa maka peni bodi, vioo, rimu.